Jino Linalojua Tarehe

Walikuja wote, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilisimama mbele ya skrini ya mapokezi na kikombe changu cha chai, nikaitazama orodha ya wagonjwa wa wiki nzima. Kijani juu mpaka chini. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyesahau, hakuna aliyesafiri ghafla kwenda kumwona shangazi. Wenzangu nyuma yangu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi machale yakanicheza.

Naitwa Zamoyoni Mkude, daktari mkuu wa kliniki ya meno hapa Morogoro, na watu wa mji wangu nawajua. Hapa mtu anavunja miadi kwa sababu mvua imepiga milimani na njia imejaa tope. Anavunja kwa sababu kuna msiba mtaa wa pili, au shemeji kaja bila taarifa. Zaidi ya yote anavunja kwa sababu jino limeacha kuuma. Likishaacha kuuma, humwoni tena mpaka shavu livimbe kama andazi.

"Daktari, mbona umenuna?" Chiku aliniuliza. Chiku ndiye msimamizi wa mapokezi, na mdomo wake hauna breki. "Cheka basi! Si kazi yako hii?"

Kweli ilikuwa kazi yangu, na nilijivunia, kwa nini niseme uongo? Viti vyetu vya matibabu si vyetu. Ni mashine zinazopiga picha, zinazochimba, zinazosafisha, na nchi nzima havitoshi. Kiti kikikaa wazi mara kwa mara chenyewe kinatoa taarifa, lori linakuja, kinahamia mji mwingine wenye watu wanaojali vinywa vyao. Tulikuwa na viti sita. Vilipobaki vitatu nikasimama kikaoni nikasema tuache kuwalaumu wagonjwa, tujitazame wenyewe.

Tukang'oa benchi ambalo watu walikuwa wakilikalia tangu alfajiri. Tukawaachia wachague saa zao wenyewe, mama wa sokoni mchana, mwalimu jioni. Halafu kila mfanyakazi, kuanzia mimi hadi mlinzi, akapewa wagonjwa wake wa kuwalea. Ukimpigia mtu humwambii "usisahau miadi." Unamuuliza, "Nini kitakuzuia kuja?" Akisema mtoto, unamwambia aje naye. Akisema msiba, unamsogezea tarehe hapo hapo. Kila asubuhi kabla ya kufungua tulisimama duara, kila mmoja akawasemea wa kwake. Tuliuita ulezi. Watu wakaanza kurudi.

Wakaanza, narudia. Si wote. Wote walikuja baadaye, baada ya meneja wetu, Bwana Kalokola, kutuletea simenti mpya ya kuzibia meno. Ila wakati ule sikuviunganisha vitu hivyo viwili. Sifa zilikuwa zangu na zilikuwa tamu.

Asubuhi ile ile mgonjwa wa kwanza alikuwa Shomari, mdogo wangu wa tumbo moja.

Huyu ndiye aliyenifundisha kuchukia kiti kitupu. Shomari ni fundi wa pampu za maji, ana mwili wa kubeba injini peke yake, lakini kiti cha meno anakiogopa kuliko simba. Ana sukari pia, na mwenye sukari ufizi wake ukioza hauchezi. Miaka michache nyuma alivunja miadi mara nyingi mpaka usaha wa jino ukateremka shingoni, koo likaziba, wakamtoboa hapa mbele ili apumue. Kovu lipo. Daktari aliyemshona aliniambia kwamba shingo ile haitavumilia tena. Sasa Shomari anakuja kila nikimwita, na mimi kila akiingia namshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Limeanza jana, dada," alisema akijishika shavu la kushoto. "Limenisumbua usiku kucha. Halafu nafika hapo mlangoni, kimya! Jino jinga kweli hili."

Tukacheka wote, mimi, Chiku, na msaidizi wangu. Maana hicho ni kichekesho cha kazi yetu. Kila daktari wa meno amekisikia tangu yuko chuoni. Mtu analia njia nzima, akiona koti jeupe jino linanyamaza. Tunaambiwa ni hofu, hofu inafukuza maumivu. Tukishasema hivyo hatuulizi zaidi.

Nikaligonga lile jino, nililoliziba mwenyewe, kwa mpini wa kioo. Zima. Nikampulizia hewa ya baridi. Zima. Nikamsafisha ufizi, ambao ndio hasa niliokuwa nautaka, akaondoka anapiga mluzi.

Niliosha mikono polepole siku ile. Jino zima linamnyimaje mtu usingizi?

*

Kesho yake kwenye duara Chiku alisema, "Wa kwangu wote wanakuja. Halafu Daktari, yule Bi. Siwema wako tarehe yake ilipita wiki ya juzi, nataka kumsogezea tena ila simu yake haipatikani. Bado yuko eda."

Bi. Siwema alifiwa na mumewe, na mjane wa Kiislamu akikaa eda hatoki nje ovyo mpaka siku zake zitimie. Hilo halikuwa na ubaya, tulishakubaliana kwamba wa msiba anasogezewa. Kilichonishtua ni alichoongeza Chiku akiwa anafunga kishikwambi chake: "Maskini, kila nikimpigia analia jino. Nikisogeza tarehe ananiambia limepoa. Nadhani upweke tu."

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Ukisogeza tarehe linafanyaje?"

Chiku akanitazama, akamtazama Bwana Kalokola aliyekuwa amesimama upande wa pili wa duara. Meneja alikuwa anachunguza viatu vyake. Kalokola ni mtu wa kukutazama usoni hata anapokunyima likizo. Siku ile viatu vilimvutia sana.

Nikachukua begi langu nikatoka.

Bi. Siwema anakaa karibu na reli ya zamani. Nilipiga hodi, binti yake akanikaribisha ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kajifunga kaniki na mtandio mweupe, mkono umeganda shavuni.

"Shikamoo, Bi. Siwema. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa, sisi sote njia yetu ni hiyo. Ila hili jino, daktari, hili jino litanizika kabla eda haijaisha."

"Lilianza lini?"

Akasita. Akamtuma binti yake jikoni, kisha akanisogelea. "Nikwambie usinicheke? Jino hili linajua tarehe. Siku niliyotakiwa kuja kwenu likaanza. Chiku akasogeza, likanyamaza kimya. Tarehe mpya ikafika, likaamka. Mara hii limekaa siku nyingi, maana simu ilikuwa haina chaji hatukuzungumza na Chiku. Nikasema labda nimekosea. Kuna siku jirani alikuja akanichekesha, nikacheka kweli kweli, na mume wangu hata udongo haujakauka. Nikajua naadhibiwa." Machozi yakamtoka. "Nimemeza dawa za maumivu mpaka juzi nimetapika damu."

"Damu?"

"Nyeusi, kama kahawa."

Tumbo lake lilishachubuka kwa vidonge. Nilimwambia aviache papo hapo na kwamba binti yake atampeleka hospitali leo, eda au si eda, ugonjwa una ruhusa yake. Kisha nikammulika mdomoni kwa tochi. Ziba langu la simenti lilikuwepo, gego la chini, zuri, nililifanya mwenyewe kwa mikono hii. Nikaomba kijiko, nikaligonga kwa mpini. Hakushtuka. Nikampa maji ya baridi. Hakushtuka. Jino halikuwa na ugonjwa wowote, na bibi wa watu alikuwa anatetemeka kwa maumivu.

Nikatoa simu.

"Chiku, uko kwenye skrini? Mfute Bi. Siwema. Usimsogeze. Mfute kabisa, asiwe na tarehe yoyote."

"Daktari, meneja kasema tusifute m—"

"Futa, Chiku!"

Nikasikia akigusa skrini. Nikabaki nimemtazama bibi. Alikuwa ananieleza habari za marehemu, jinsi alivyopenda uji wa moto. Katikati ya sentensi akanyamaza. Mkono ukateremka taratibu kutoka shavuni, ukatua mapajani. Akaulamba ule upande kwa ulimi, akanitazama na macho yamemtoka.

"Umefanya nini, mwanangu? Umesoma dua?"

Nilijiona mchafu. Mimi ndiye niliyeweka ile simenti mle ndani, na nikampigapiga begani nikimwambia karibu tena.

*

"Kaa, Daktari," Kalokola alisema.

"Sikai. Nini kiko ndani ya simenti?"

Hakujaribu hata kukana. Alinyanyuka akafunga mlango wa ofisi yake, akaanza kueleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu peke yake. Ndani ya kila ziba kuna punje, ndogo kuliko chembe ya unga. Punje inausikiliza mtambo uliofungiwa kwenye kabati la mapokezi. Miadi ikikaribia, punje inapasha joto kidogo karibu na mshipa wa fahamu. Haiunguzi, haiharibu jino. Inasumbua tu. Mgonjwa akivuka mlango mtambo unamtambua, punje inalala. Asipokuja, inaongeza kidogo, na kidogo tena.

"Tunaiita kengele," alisema.

"Mwenzio anatapika damu huko kwa kengele yako."

Akaufunika uso kwa viganja. "Hilo sikulijua. Wallahi sikulijua, Daktari. Haikutakiwa iendelee hivyo, nani anavumilia siku zote hizo bila kuja?"

"Mwenye eda anavumilia! Mwenye mgonjwa ndani anavumilia! Asiye na miguu anavumilia! Ungeniuliza mimi, au mlinzi pale getini, angekwambia."

"Na ningekuuliza ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi." Akashusha mikono. "Ulezi wako ni mzuri, sisemi. Ulitufikisha mbali. Lakini waliobaki nje walikuwa ndio wale wale, wanaosubiri mpaka wavimbe. Mimi nimemzika mtu wa jino, Zamoyoni. Jirani yangu, kijana. Alikuwa na miadi hapa hapa. Kiti kilimsubiri. Tangu kengele ianze, nitajie mmoja aliyevimba. Mmoja tu!"

Nikatafuta. Sikumpata, na hilo liliniuma kuliko jambo lolote alilosema.

"Unaizima leo," nikasema. "Usipoizima nitasimama kwenye duara kesho niwaambie wote, kisha niwapigie wagonjwa mmoja mmoja."

Akarudi kuketi nyuma ya meza yake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionitia shaka.

"Nizime wote. Sawa. Una haki. Ila nimwache mmoja."

"Nani?"

"Unamjua."

Nilimjua. Nilianza kumwona kabla hajasema. Kovu la shingoni, mluzi wake, watoto wake watatu wanaoniita mama mkubwa.

"Hatajua," Kalokola akaendelea. "Yeye yuko karibu, ana miguu, hana eda. Likimsumbua atakuja, kama siku zote. Wewe utamsafisha, ataishi. Wagonjwa wengine wawe huru. Nani ataumia hapo?"

Mungu wangu, nilitaka. Nisijifanye malaika. Nilisimama pale ofisini nikamwona Shomari amelala kitandani na mpira kooni, nikajiambia ni usumbufu mdogo tu, ni kama mama anavyomvuta mtoto sikio. Mdomo wangu ulishafunguka kusema ndiyo.

Ndipo nikakumbuka mkono wa Bi. Siwema ukiteremka mapajani, na swali lake kama nimesoma dua. Siku moja Shomari naye angeniuliza swali kama hilo. Ningemjibu nini mdogo wangu?

"Zima wote," nikasema. "Twende kwenye kabati. Nataka nione kwa macho yangu."

Taa ndogo ya manjano kwenye mtambo ilizimika. Nikachomoa waya, nikauweka mtambo wenyewe ndani ya begi langu, na begi nikalala nalo chini ya kitanda. Mtu aliyeniletea punje kimyakimya angeshindwaje kuchomeka waya?

*

Shomari nilimwambia nyumbani kwake, mbele ya pampu aliyoifungua vipande vipande uani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anaifuta nati kwa kitambaa, akaifuta mpaka ikang'aa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaniumiza."

"Sikujua, Shomari."

"Uliweka wewe."

"Niliweka mimi."

"Usiku nagaagaa, mke wangu ananikanda chumvi na maji ya moto, nakuja kwako, unanichekea." Akaitupa nati kwenye ndoo. "Nilidhani mwili wangu ndio unaniambia kitu. Sasa nitamwamini nani, dada? Hata jino langu mwenyewe?"

"Njoo kusafisha, hilo tu nakuomba. Ufizi wako—"

"Nenda, Zamoyoni."

Aliniita kwa jina langu. Tangu azaliwe hajawahi.

Kliniki ikageuka tena vile nilivyoijua. Majina mekundu yakarudi kwenye skrini, machache, kisha si machache. Tuliwaita wagonjwa tukawaambia ukweli. Wapo waliotutukana, wapo waliokuja kutoa punje, wapo waliokuja tu kwa sababu Chiku aliwauliza nini kitawazuia na wakakosa jibu. Tukaanza kwenda majumbani kwa wenye eda na wauguzaji. Lori lilikuja likabeba kiti kimoja. Kalokola alisimama kulitazama, hakunilaumu kwa neno.

Siku ya miadi ya Shomari nilikaa kando ya kiti kilicho wazi muda wake wote. Nilimpigia, hakupokea. Nikaenda kwake, mkewe akaniambia ametoka, na nikaviona viatu vyake mlangoni.

Alikuja mwenyewe, asubuhi isiyo na miadi.

Nilisikia kelele mapokezi nikatoka mbio. Shomari alikuwa amesimama nje ya kizingiti, jasho linamtiririka, shavu la kushoto limejaa na uvimbe umeshaanza kushuka chini ya taya.

"Mmewasha tena!" alinguruma. Mdomo haukufunguka vizuri. "Sikuja, mkaamua kuniongezea, sivyo?"

"Hatujawasha. Mtambo ninao mimi. Ingia, Shomari, huo ni usaha."

"Mnasema!"

Akavuka kizingiti. Akasimama ndani, akasikilizia, kichwa kimeinama. Akarudi nje. Akaingia tena. Watu wote mapokezi walimwangalia mtu mzima akivuka mlango huku na huku kama anayepima kina cha mto. Nilielewa alichokuwa anakitafuta. Alikuwa anasubiri linyamaze. Nikajikuta na mimi naomba linyamaze, naomba Kalokola awe mwongo na awe na mtambo wa pili mahali fulani, kuliko hiki ninachokiona kinashuka kuelekea kovu.

Halikunyamaza.

"Haliachi," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaiona hofu yake.

"Haliachi kwa sababu ni la kweli. Nipe mkono, tuingie."

Akaurudisha mkono nyuma. "Nitajuaje? Nawe ulikuwa hujui, umesema mwenyewe. Labda bado hujui."

Ningeweza kumwita mlinzi tukamkamata. Muda ulikuwa unatuponyoka, nilimsikia akimeza mate kwa shida. Lakini nilishamwingilia mwili wake mara moja bila ridhaa yake, sikuwa na uso wa kumwingilia tena.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza. "Sema, nitafanya."

"Toa kwanza kile mlichoniwekea. Nikione."

Akakaa kitini mwenyewe. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kichimbio tu. Nilifanya kazi haraka kuliko nilivyowahi kufanya, msaidizi wangu akinifutia jasho, na kila nilipotazama shingo yake roho ilinipaa. Simenti ikameguka. Nikaidaka ile punje kwa koleo, nikaisuuza, nikaiweka kwenye kiganja chake. Aliitazama kwa muda, kitu kidogo vile, akaifumbata.

"Bado linauma?" nikauliza.

Akafunga macho. Akasikilizia, kama alivyosikilizia mlangoni. Nami nikangoja, sindano ya ganzi mkononi, sikuthubutu hata kusogea.

"Linauma," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ila ilikuwa imetulia. "Liko nyuma zaidi. Hili ni langu."

Akafungua mdomo kadiri alivyoweza. "Haya, dada. Tibu."